Kurudia Kiingereza cha kiwango cha kati jijini Nairobi: kitabu, programu ya simu, darasa la jioni au gazeti?

Mtu aliyefika kiwango cha kati cha Kiingereza hahitaji kuambiwa kwamba "went" ni "go" ya jana. Hilo analijua. Shida yake ni kwamba anachokijua hakimjii kwa wakati. Mpe kalamu na nusu saa, sentensi itanyooka. Mketishe mbele ya meneja aeleze jinsi laptopu ya ofisi ilivyochukuliwa, na "I didn't saw his face" itamtoka kabla hajaizuia. Kwa hiyo anapouliza arudie kwa njia gani, jambo la kwanza kutazama si bei wala jina la chuo. Atazame kama njia hiyo itamlazimisha kutunga sentensi mwenyewe, upesi, na kama kuna kitu au mtu atakayemsahihisha hapo hapo.

Nalinganisha hapa njia ambazo mtu mzima anayefanya kazi Nairobi anaweza kuzifikia kweli. Kipimo changu ni mada tatu ambazo vitabu vya kiwango hiki huzirudia karibu vyote: kuuliza maswali, vitenzi visaidizi (maneno kama "do", "have" na "can"), na msamiati wa uhalifu na mahakama. Kwa mizani ya viwango vya lugha ya Baraza la Ulaya iliyochapishwa mwaka 2001, tunazungumzia B1 kuelekea B2, yaani ngazi mbili za katikati. Wanaojiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, wanaweza kukadiria hivi: B1 inakaribiana na alama 4 hadi 5, na B2 na alama 5.5 hadi 6.5.

Ninaowafikiria ni watu wa aina mbili. Yupo Mkenya aliyesoma Kiingereza tangu shule ya msingi, akakiweka kando alipomaliza kidato cha nne, na sasa kazi inakidai. Yupo pia jirani yake wa Kayole au Kawangware aliyetoka Tanzania, Kongo au Burundi, aliyesomea kwa Kiswahili au Kifaransa. Makosa yao yanafanana kuliko wanavyodhani, maana wote wawili huifikiria sentensi kwa Kiswahili kwanza.

Kitabu cha sarufi na daftari

Kwa vitenzi visaidizi, kitabu kinazishinda njia nyingine zote. Mada hii inataka utulivu. Inataka uone "be", "have" na "do" zimepangwa ukurasa mmoja pamoja na jamaa zake "can", "could", "may", "might", "must", "should", "will" na "would", kisha ufanye zoezi moja mara nyingi mpaka mkono uzoee.

Mwenye Kiswahili asiione mada hii kuwa ngeni kabisa. Sisi hutia wakati ndani ya kitenzi: uliona, umeona, utaona. Kiingereza hutoa wakati huo nje na kuuweka mbele: "did you see", "have you seen", "will you see". Ukilitazama hivyo, kosa la "did you saw" linajieleza. Hatutii -li- mbili katika neno moja, na Kiingereza nacho hakitaji wakati uliopita mara mbili. Ukishauweka kwenye "did", kitenzi kikuu kinarudi kwenye umbo lake la asili: "see", "steal", "run". Hata visaidizi vyenyewe tunavyo. "Alikuwa ameondoka" ni "he had left". "Atakuwa anasoma" ni "he will be reading". Tofauti ni kwamba kwetu vitenzi vyote viwili hubeba nafsi na wakati, ilhali Kiingereza hukibebesha kitenzi cha kwanza peke yake mzigo wa wakati. Ndiyo sababu "she can drives" na "he must to go" hazikubaliki: baada ya "can" na "must" hakuna "s", hakuna "to".

Kuna pahali Kiswahili kinatudanganya, na kitabu kizuri hukaa hapo kwa kurasa kadhaa. Katika mazungumzo tunasema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakikubali "I have seen him yesterday". Ukitaja jana, juzi, mwaka 2019 au saa tatu asubuhi, "have" lazima iondoke: "I saw him yesterday". Ukikaa kimya juu ya wakati, au jambo likawa bado lina uzito sasa hivi, "have" inarudi: "Somebody has stolen my bag". Sijaona programu ya simu inayolieleza jambo hili vizuri kama kurasa mbili za kitabu zenye mazoezi na majibu.

Zoezi ninalolipendekeza halimo katika vitabu vingi, lakini linafanyika kwa daftari lolote. Chukua sentensi moja fupi, "He stole the phone", uizungushe: ikanushe, iulize, ipeleke kwenye "has", ipeleke kwenye "will", igeuze kauli ya kutendwa, kisha uliza hiyo ya kutendwa. "Was the phone stolen? Has it been stolen before? Could it have been stolen at work?" Sentensi moja kila usiku inatosha. Ukilifanya zoezi hili kwa bidii utagundua kwamba umbo la tatu la kitenzi, "stolen", "broken", "caught", ndilo linalokukwamisha, wala si kisaidizi. Basi utajua la kukariri.

Vitabu vipya vinapatikana Text Book Centre na maduka mengine ya katikati ya jiji. Vilivyotumika vinapatikana kwa wauzaji wa kando ya barabara, wale wa "inama", ambako kitabu hicho hicho hupungua bei sana. Kabla ya kulipa, fungua kurasa za mwisho uone kama majibu yapo, maana kitabu cha mazoezi kisicho na majibu hakimfai anayesoma peke yake. Tazama pia kama mwenye nacho wa kwanza hakuyajaza mazoezi kwa kalamu ya wino. Asiyetaka kununua aende maktaba. McMillan katika Barabara ya Banda imekuwapo tangu 1931, na ina matawi Kaloleni na Makadara kwa watu wa Eastlands. Buruburu pia kuna maktaba ya huduma ya taifa.

Kasoro ya kitabu ni kwamba hakikusikii. Mtu anaweza kumaliza kitabu kizima, akapata majibu yote sawa, na bado akauliza "You are going where?" asubuhi yake kwenye stejini.

Karatasi za KCSE zilizopita

KCSE ni mtihani wa taifa wa kidato cha nne, na karatasi zake za zamani ni njia ya bei nafuu ambayo watu wazima huidharau bila sababu. Karatasi ya pili ya Kiingereza, 101/2, ina alama 80, na 15 kati yake ni za sarufi tupu: kuandika sentensi upya kwa kufuata maagizo, kujaza nafasi kwa umbo sahihi la neno, kutumia vitenzi vya maneno mawili. Maagizo ya kuandika upya yanakulazimisha kuhamisha kisaidizi kutoka pahali hadi pahali, na hicho ndicho mtu wa kiwango cha kati anachokihitaji. Lakini karatasi hizi zilitungwa ili kupima, hazifundishi. Zitumie kujua ulipo, kisha rudi kwenye kitabu.

Programu za simu

Nitasema kwa ufupi. Programu ni nzuri kwa kukariri maumbo: steal, stole, stolen, break, broke, broken, flee, fled, fled. Dakika kumi ndani ya matatu iliyokwama Jogoo Road zinaweza kukupa maumbo hayo bila kuchoka. Yanataka kurudiwa mara nyingi sana, na simu haichoki kurudia.

Kwa mada zetu tatu, hata hivyo, ina upungufu mkubwa. Mara nyingi hukupa maneno tayari uyachague au uyapange. Kuchagua "did" kati ya maneno manne yaliyo mbele yako ni kazi tofauti kabisa na kuitafuta "did" kichwani wakati mtu anakusubiri. Msamiati wa uhalifu nao huletwa neno moja moja na picha yake, "thief" na picha ya mtu aliyefunika uso, ilhali shida ya maneno haya iko kwenye kile yanachoandamana nacho, kama nitakavyoonyesha mbele. Ukiwa na bando kidogo, bora ulitumie kusikiliza vipindi vifupi vya BBC Learning English, ambavyo havilipiwi. Utasikia jinsi "did you" inavyomezwa na kuwa kitu kama "diju", jambo ambalo maandishi hayawezi kukuonyesha.

Darasa la jioni, au mwenzi wa kuzungumza naye

Hapa ndipo maswali yanapojifunzwa. Swali halina maana bila wa kulijibu.

Kiswahili hakigusi mpangilio wa sentensi ili kuuliza. "Unakaa Umoja" ni taarifa. Pandisha sauti mwishoni, ni swali. Ongeza "je" ukitaka. Kiulizi chetu hukaa raha mustarehe mwishoni: "Unakaa wapi?" Kutoka hapo ndipo "You stay where?" inazaliwa, na Nairobi nzima inaielewa, ndiyo maana haisahihishwi. Mtu wa kiwango cha kati anajua kabisa kwamba inapaswa kuwa "Where do you live?" Anachokikosa ni mtu wa kumsimamisha kila anapoteleza.

Swali lililo gumu zaidi ni la "who". "Who called the police?" na "Who did the police call?" zina maneno karibu yale yale, na maana zake ni mbali kama Ngong na Thika. Ya kwanza inauliza nani aliwaita polisi. Ya pili inauliza polisi walimwita nani. Kwetu viambishi vinamaliza kazi: a- na -wa- katika "aliwaita", wa- na -m- katika "walimwita". Kiingereza hakina viambishi hivyo, kwa hiyo kinategemea "did". Ukiwa unamtafuta mtendaji, "did" haiji na kitenzi kinabaki na wakati wake. Ukiwa unamtafuta mtendewa, "did" inaingia. Fanyeni zoezi hili wawili wawili kwa kisa kimoja kifupi cha wizi: mmoja anaficha mtendaji, mwingine anaficha mtendewa, na kila mmoja anauliza mpaka apate. Baada ya jioni chache, mdomo utaanza kuchagua wenyewe.

Halafu kuna swali kanushi, ambalo nalipa uzito kuliko yote kwa sababu linaweza kumtia mtu taabuni. Mtu anakuuliza: "Didn't you see his face?" Wewe hukumwona. Kiswahili kinakuelekeza useme "ndiyo", kwa maana ya "ndiyo, ni kama ulivyosema, sikumwona", na unajibu "Yes". Anayekusikiliza kwa Kiingereza ameelewa kwamba ulimwona. Kiingereza hakijali muulizaji amelitunga vipi swali lake. Kinatazama tu kama jambo lilitokea au halikutokea. Halikutokea, jibu ni "No". Dawa yake ni kutojibu kamwe kwa neno moja. "No, I didn't." "Yes, I did." Kisaidizi kikifuata, hakuna wa kukunukuu vibaya. Kwenye vituo vya polisi mazungumzo mara nyingi huwa ya Kiswahili na karatasi ikawa ya Kiingereza. Wewe ndiye utakayetia sahihi, basi isome.

Kisaidizi hicho hicho ndicho kinachojenga mkia wa swali. Sisi tuna "sivyo?" na "si ndiyo?" zinazotosha kila pahali, kwa hiyo tumeifanya "isn't it?" nayo itoshe kila pahali: "You were there, isn't it?" Katika mazungumzo ya hapa nyumbani haina madhara. Kwenye mtihani au usaili na mgeni, mkia hurudia kisaidizi cha sentensi: "You were there, weren't you?", "She hasn't paid, has she?" Hili haliingii kwa kusoma. Linaingia kwa kurushiana sentensi kama mpira, mmoja anatoa mwili, mwingine anatia mkia.

Sasa, darasa au mwenzi? Darasa lina mwalimu, na mwalimu anajua kosa lipi ni kubwa na lipi liachwe lipite. Hiyo ndiyo thamani unayoilipia. Lakini madarasa ya jioni yanatofautiana sana. Omba kuketi kipindi kimoja kabla ya kulipa karo, na usikilize nani anauliza maswali. Kama ni mwalimu peke yake na wanafunzi wanajibu kwa pamoja, basi kwa mada ya maswali darasa hilo halitakusaidia, hata liwe na viti vizuri na projekta. Kama wanafunzi ndio wanaoulizana na mwalimu anapita katikati yao akisahihisha, lipa. Idadi pia ni muhimu: watu wanane watazungumza, arobaini watasikiliza.

Mwenzi, kwa upande wake, hana karo. Mwenzi wa kazini, mke au mume, jirani wa ploti, yeyote mwenye kiu kama yako. Kinachomwangusha ni kwamba wengi wakikutana huzungumza Kiingereza cha bure bila mada, wakazoeshana makosa. Mkutane na kazi mkononi, kisa au picha au ukurasa wa gazeti. Na hapo ndipo njia ya mwisho inapoingia, ambayo mimi naipenda kuliko zote.

Gazeti, na kiti cha nyuma mahakamani

Kwa msamiati wa uhalifu, sioni cha kulifikia gazeti la Nairobi. Maneno yanakuja yakiwa na familia zao, katika mitaa unayoijua.

Anza na kosa kubwa kuliko yote. Tunasema "nimeibiwa simu", kauli ya kutendewa iliyo safi kabisa, tukaipeleka Kiingereza ilivyo: "I was stolen my phone". Lakini "I was stolen" maana yake ni kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyebebwa. "Steal" hufuatwa na kitu, "rob" hufuatwa na mwenye kitu au pahali. "They stole the money", "they robbed the shop". Kwa hiyo: "My phone was stolen", au "I was robbed". Ukipigwa ngeta kwenye kichochoro, "I was mugged". Nyumba ikivunjwa, "my house was broken into", na hiyo "into" isiachwe, maana bila yake umesema nyumba imeharibika tu. Soma habari tano za wizi ukipiga mstari chini ya kinachofuata "stole" na kinachofuata "robbed", na jambo hili halitakusumbua tena.

Kuna vihusishi pia. Kiswahili kina "kwa" inayofanya kazi nyingi: amekamatwa kwa wizi, ameshtakiwa kwa wizi, amefungwa kwa wizi. Kiingereza kina kihusishi chake kwa kila hatua ya safari ya mshukiwa. Hukamatwa "arrested for theft", hutuhumiwa "accused of theft", hushtakiwa "charged with theft", hupatikana na hatia "convicted of theft", huachiliwa "acquitted of theft", hufungwa "sentenced to three years", na akitozwa faini hakuna kihusishi: "fined 20,000 shillings". Yakariri kwa mpangilio huo huo wa safari, maana safari hukumbukwa kuliko orodha.

Gazeti lina faida nyingine ambayo mhariri hakuikusudia: vichwa vya habari huviangusha visaidizi. "Two arrested over missing laptops." "Guard charged with theft." "Suspect to appear in court Monday." Kazi yako ni kuvirudisha: "Two people have been arrested", "A guard has been charged", "A suspect will appear". Kisha geuza kila kimoja kuwa maswali: "Who has been arrested?" "What has the guard been charged with?" "When will the suspect appear in court?" Angalia "with" ilivyobaki mwishoni, usiione aibu kuiacha hapo. Mada zote tatu zimo katika zoezi hili moja, na vifaa ni gazeti na penseli. Mkiwa wawili, mmoja asome habari kimya, mwingine aone kichwa tu na kuuliza mpaka akijue kisa chote.

Nikushauri pia ulinganishe kisa kimoja katika Taifa Leo na Daily Nation. Ni magazeti ya kampuni moja, na kesi kubwa huandikwa na yote mawili. Soma habari ya Kiswahili kwanza, uifunike, ujaribu kuisimulia kwa Kiingereza, kisha ufungue ya Kiingereza uone uliteleza wapi. Mshukiwa, mshtakiwa, shahidi, mwathiriwa, dhamana: kila neno utaliona na mwenziwe. Kwenye dhamana utakuta Kiingereza cha Kenya kina mawili, "bond" na "cash bail". Ya pili ni pesa taslimu unazoweka. Ya kwanza ni ahadi, mara nyingi yenye mdhamini. Haki ya kuachiliwa kwa moja au nyingine imo katika Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010.

Gazeti la hapa lina jambo jingine ambalo kitabu kilichotungwa Uingereza hakiwezi kukupa: maneno kwa maana ya sheria yetu. Kwa sheria ya Uingereza ya leo, "burglary" haina saa. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kuvunja nyumba mchana ni "housebreaking", kifungo hadi miaka 7. Kosa lile lile likifanywa usiku linakuwa "burglary", hadi miaka 10. Usiku huo sheria imeupima: kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. "Robbery" ina kifungo hadi miaka 14. Lakini mnyang'anyi akiwa na silaha ya hatari, au akiwa na wenzake, au akimjeruhi mtu, jina linabadilika kuwa "robbery with violence", ambayo adhabu iliyoandikwa ni kifo. Ukiandika barua kwa bima au kwa mwajiri ukaita kila kitu "robbery", umesema zaidi ya ulichokusudia.

Anayetaka kusikia maneno haya yakitumika aende mahakamani. Milimani, Makadara na Kibera ziko wazi. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kesi kusikizwa hadharani, na hadhara ni wewe na mimi. Katika mahakama za mahakimu lugha ni Kiingereza au Kiswahili, na karani hufasiri pale inapohitajika. Kwa hiyo utasikia shtaka likisomwa kwa Kiingereza, kisha lile lile kwa Kiswahili, bila malipo. Utasikia "jointly with others not before court" mpaka uizoee. Zima simu, usirekodi, keti nyuma, na usisahau kwamba aliyesimama kizimbani ni mtoto wa mtu. Nenda na daftari, uandike maneno, usiandike majina.

Tovuti ya Kenya Law huchapisha hukumu bila malipo, lakini Kiingereza chake ni kizito. Kwa kiwango cha kati soma aya ya mashtaka tu, ile inayotaja tarehe, pahali na mali, uache hoja za jaji.

Kasoro ya gazeti na mahakama ni kwamba havina mpangilio. Leo utakutana na sentensi rahisi, kesho na ya mistari sita. Wala havikusemeshi. Jambo moja dogo lakini la lazima ni mkazo. Kwetu "barabara" ya magari na "barabara" ya sawasawa hutofautishwa kwa mkazo. Kiingereza hufanya hivyo kwa maneno mengi ya mahakama. "Suspect", "convict" na "record" yakiwa majina hukazwa mwanzoni, yakiwa vitenzi hukazwa mwishoni. Karatasi haitakuambia hilo. Sikiliza taarifa ya habari jioni, habari ile ile uliyoisoma asubuhi.

Uchague ipi

Mlinzi wa usiku mwenye saa nyingi tulivu achague kitabu na daftari, na sentensi moja ya kuzungusha kila zamu. Anayejiandaa kwa IELTS asikose mtu wa kuzungumza naye, maana sehemu ya kuzungumza ya mtihani huo ni dakika 11 hadi 14 uso kwa uso na mtahini, na hakuna programu iliyomzoesha mtu hilo. Aliyetoka Kongo au Burundi, ambaye Kiingereza cha Nairobi hukisikia nusu nusu, naye aanze na darasa dogo kwa muhula mmoja. Wauzaji wa dukani na wasusi wanaozungumza Kiingereza kila siku lakini cha kubahatisha wafanye kinyume: mdomo wanao, wakae na kitabu.

Kwa asiye na pesa ya darasa, chaguo langu ni gazeti na mwenzi, Jumamosi moja baada ya nyingine, na kitabu kimoja cha zamani chenye majibu kikae mezani kuwa mwamuzi. Mkibishana kama ni "who did call" au "who called", kifungueni. Kitabu kikinyamaza, andikeni swali pembeni. Mtaa haukosi mwalimu wa Kiingereza wa shule ya upili, na maswali matano yaliyoandikwa vizuri hayamli mwalimu muda wake. Mpelekeeni kwa adabu, mwacheni ajibu akipata nafasi.